Kigoma imeshayaona: bunduki, maandamano, jembe na kura

Tangu Oktoba 29, 2025, kwenye vijiwe vya kahawa vya Ujiji na Mwanga kuna hoja isiyokwisha: mwananchi wa kawaida anaweza kuishinda serikali yenye nguvu? Siku ile ya uchaguzi vijana waliingia barabarani Dar es Salaam na miji mingine. Intaneti ikazimwa, amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa jijini, risasi zikapigwa, watu wakafa. Idadi yao inabishaniwa mpaka leo. Siku chache baadaye mgombea wa CCM alitangazwa mshindi kwa karibu asilimia 98 ya kura.

Majibu yanayotolewa vijiweni ni mawili. Wazee wengi wanasema mwenye nguvu mpishe: dola ina bunduki, ina magereza, ina redio, wewe una nini? Vijana wanajibu kwamba siku ile walitoka wachache, na siku wakitoka wote kazi itakwisha asubuhi moja. Nauheshimu uchungu ulio ndani ya majibu yote mawili, lakini sikubaliani na hata moja. Wanaosema haiwezekani wanasahau mambo yaliyotokea katika nchi hii, mengine katika mkoa huu huu. Wanaongoja asubuhi moja wanaiona serikali kama jengo ambalo ukilizingira umemaliza.

Serikali ni watu wanaotii. Amri ya mkubwa haifiki popote bila karani wa kuiandika, dereva wa kuliendesha lori la askari, mtendaji wa kata wa kubandika tangazo, hakimu wa kusoma hukumu, mwalimu aliyeazimwa kusimamia kituo cha kura na kusaini fomu ya matokeo. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, waziri hakulala ufukweni Katonga wala Kibirizi. Amri ya namna hiyo husimamiwa na maofisa uvuvi wachache na vikundi vya wavuvi wenyewe, vile vya BMU, yaani watu tunaokaa nao mtaa mmoja na kusali nao. Wananchi hushinda pale watu hawa wa katikati wanapoacha kutii, au wanapotii shingo upande. Hali hiyo haiji kwa hasira ya siku moja. Huandaliwa kwa miaka, na ikishapatikana hulindwa kwa miaka mingine.

Nianze na bunduki, kwa sababu kuna watu wanaoitaja, ingawa kwa sauti ya chini. Usiku wa kuamkia Aprili 24, 1965, Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma kwenda kuwasaidia waasi wa Kongo, akitumia jina la siri la Tatu. Huyu alikuwa mtu aliyeshiriki kuiangusha serikali ya Cuba miaka sita tu nyuma, na Wacuba waliomfuata baadaye walizidi mia moja. Mwezi Novemba mwaka huo huo akavuka tena kurudi Kigoma, ameshindwa. Wapiganaji aliowakuta walitegemea dawa ya kugeuza risasi, kama wenzetu wa Majimaji miaka 60 kabla yao. Wakubwa wa uasi walipenda kukaa huku Kigoma, Dar es Salaam na Cairo kuliko mstari wa mbele. Na mkulima wa milima ya upande wa pili hakuona wazi angepata nini vita ile ikishinda.

Mmoja wa viongozi wa waasi wale, Laurent Kabila, alirudi uwanjani baada ya miaka thelathini, na wapiganaji wake wakaingia Kinshasa Mei 17, 1997. Lakini waliingia wakiwa na majeshi ya Rwanda na Uganda, na mwaka uliofuata waliomsaidia wakamgeuka, vita nyingine ikaanza. Kambi ya Nyarugusu pale Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita vile. Ipo mpaka leo, na kuna watoto waliozaliwa ndani yake ambao sasa wana watoto wao. Ukipanda daladala Kasulu ukakaa na mmoja wao, muulize ushindi wa Kinshasa ulimletea nini. Anayeshinda kwa bunduki huwa na deni kwa waliompa bunduki, na mwananchi hulipwa mwisho, kama analipwa.

Hesabu za wasomi zinaelekea huko huko. Erica Chenoweth na Maria Stephan, watafiti wa Marekani, walizipitia harakati 323 za kati ya 1900 na 2006. Zile zisizotumia silaha zilifanikiwa kwa asilimia 53, zilizotumia silaha kwa asilimia 26. Nataja na upande wa pili, kwa sababu wengi huukwepa: Chenoweth mwenyewe ameonyesha kwamba tangu mwaka 2010 mafanikio ya harakati za amani yameshuka sana. Serikali zimejifunza. Nazo harakati zimeegemea mno maandamano, ambayo siku hizi huitishwa kwa simu kwa muda mfupi, na zimeachana na kazi ndefu ya kujenga matawi, mifuko ya msaada na migomo.

Mfano wa hilo sisi wa Kigoma hatukuusoma popote. Tuliupokea bandarini.

Aprili 26, 2015, vijana wa Bujumbura waliingia mitaani kumpinga Pierre Nkurunziza aliyetaka muhula wa tatu. Hoja yao ilikuwa na mguu wa kusimamia: Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, ule ambao Mwalimu Nyerere aliusuluhisha mpaka kifo chake na Mandela akaumalizia, uliweka kikomo cha mihula miwili. Kwa wiki mbili na zaidi walishikilia mitaa ya Musaga, Nyakabiga na Cibitoke. Jambo kubwa lililotokea siku zile wengi hawalikumbuki. Polisi walikuwa wanapiga, lakini mara kadhaa wanajeshi walisimama katikati kuwatenganisha polisi na waandamanaji. Jeshi lile lilikuwa limechanganywa upya baada ya vita, Wahutu na Watutsi pamoja, na lilikuwa halijaamua liko upande gani. Mikono ya serikali ilikuwa inasita.

Kisha Mei 13, Nkurunziza akiwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa wakuu wa Afrika Mashariki, Jenerali Godefroid Niyombare akatangaza mapinduzi redioni. Watu walishangilia barabarani, nami nawaelewa. Lakini saa ile ugomvi ulitoka mikononi mwa raia ukaingia kambini, na kambini hoja ni nani ana silaha nyingi. Kabla ya siku tatu kwisha mapinduzi yalikuwa yamekufa. Redio binafsi zikachomwa. Wanajeshi waliosita wakasakwa, wengine wakakimbia nchi. Julai Nkurunziza akashinda uchaguzi, akakaa mpaka 2020.

Huku kwetu makumi ya maelfu ya watu waliangukia Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya milima na ziwa karibu kabisa na mpaka. Maji safi hayakutosha, vyoo hakuna, kipindupindu kikaingia na kuua. Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikawa inawasomba kuwaleta bandari ya Kigoma, na uwanja wa Lake Tanganyika ukageuka mahali pa kulala akina mama na watoto kabla ya mabasi kuwapeleka Nyarugusu. Mji ulipika, ulitoa nguo, ulipokea. Bado naona hatujakaa chini kujiuliza somo la kisiasa la siku zile. Naliona hivi: wananchi wa Burundi walikuwa wamefika karibu sana na kile wanachokihitaji wote wanaopinga serikali, yaani askari kusita kupiga. Walikipoteza pale mtu alipojitokeza kuwamalizia kazi kwa njia ya mkato.

Kuna upinzani mwingine ambao haupigi kelele, na huo Kigoma ni bingwa wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mkoa huu ulikuwa miongoni mwa ya kwanza kuhamishiwa vijijini kwa nguvu, katika Operesheni Kigoma. Waha walikuwa wamezoea kukaa mbalimbali, kila kaya na migomba yake. Wakaambiwa wasogee barabarani. Mwaka 1973 Mwalimu akatangaza kwamba kuishi kijijini sasa ni amri. Malori yakaja, nyumba za zamani zikabomolewa na nyingine kuchomwa ili watu wasirudi. Kufikia 1977 serikali ilihesabu watu zaidi ya milioni 13 katika vijiji nchi nzima. Serikali ile haikuwa dhaifu. Ilikuwa na chama kimoja, redio moja, mabalozi wa nyumba kumi, na kiongozi ambaye watu walimpenda kwa dhati. Hakuna aliyeweza kulizuia lori.

Lakini serikali haikutaka watu wahame tu. Ilitaka walime pamoja, shamba la ujamaa la kijiji, na hapo ndipo iliposhindwa. Watu walifika kwenye shamba la pamoja wamechelewa, wakalima kijuujuu, wakaondoka mapema kwenda kulima lao. Siku ya kazi ya kijiji mtu alikuwa na msiba, au homa, au mgeni kutoka Manyovu. Mazao yaliyotakiwa kuuzwa kwa bei ya serikali yalipita njia za panya kwenda Burundi. Mwenyekiti wa kijiji alijua, na mara nyingi mke wake naye alikuwa shambani kwake mwenyewe. Katibu kata alijua, akaandika taarifa nzuri wilayani. Miaka ya 1980 ilipofika, mashamba ya ujamaa yalikuwa yamebaki kwenye makaratasi. Hakuna aliyeandamana wala kufungua kesi. Mpango mkubwa kabisa wa serikali yenye nguvu kuliko zote tulizowahi kuwa nazo ulifia mikononi mwa watu wenye jembe, kwa sababu wale wa katikati waliokuwa wasimamie amri walikuwa wakulima vilevile.

Naeleza hili kwa urefu kwa sababu linadharauliwa. Tunapohesabu mashujaa wa upinzani tunawaacha wazazi wetu waliofanya kazi hii kimya kimya huku wakiimba nyimbo za chama mkutanoni. Lakini upinzani wa jembe una kikomo chake nacho kikubwa. Unaweza kuuua mpango, hauwezi kuleta mwingine. Shamba la ujamaa lilikufa, ila mkulima hakupata sauti katika bei ya mazao yake wala katika nani amtawale. Na ukimya ule ulitufundisha tabia mbaya ambayo hatujaiacha, ya kukubali hadharani na kukataa chumbani. Tabia hiyo ndiyo inayomfanya mtawala asijue kamwe watu wanafikiri nini, mpaka siku moto unapowaka.

Waluguru walikwenda hatua moja mbele. Serikali ya Waingereza iliwalazimisha kuchimba matuta milimani, kazi ngumu waliyoona haina faida. Walikataa waziwazi. Julai 1955 watu walikusanyika, polisi wakapiga risasi, mtu mmoja akauawa. Mradi ukaachwa mwaka huo huo. Dai lilikuwa moja, kila mtu alilielewa, na mkoloni asingeweza kumwekea kila mlima askari wake. TANU, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, iliona pale ni wapi watu walipo tayari.

Tunafika Tabora, na hapa nataka kwenda polepole, kwa sababu jina la Tabora linatumiwa vibaya siku hizi.

Januari 1958 TANU ilikutana Tabora kuamua kama ishiriki uchaguzi wa kura tatu. Masharti yalikuwa ya kudhalilisha. Mpiga kura alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya kiwango fulani, au wadhifa unaotambulika. Akishafika kituoni alilazimika kumpigia Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake inaharibika. Wajumbe wengi walifika wakiwa wameshaamua kususia, na ukiyasoma masharti yale unaona walikuwa na haki. Nyerere, aliyesoma Tabora na kufundisha St. Mary's ya mji huo huo, aliwashawishi washiriki. Zuberi Mtemvu alikataa, akatoka na kuunda chama chake cha Congress. Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na wagombea wa TANU pamoja na waliounga mkono wa rangi nyingine, kina Derek Bryceson, Amir Jamal na Sophia Mustafa, wakashinda kote. Desemba 9, 1961 bendera ikapanda.

Tunauita Uamuzi wa Busara, na kila uchaguzi unapokaribia kuna mtu huutoa kuwaambia wapinzani kwamba kususia ni ujinga. Mwaka 2025 mjadala ule ulirudi hivyo hivyo: CHADEMA wakisema bila mabadiliko hakuna uchaguzi, ACT-Wazalendo wakisema tuingie tuzilinde kura. Wote wawili walistahili kusikilizwa zaidi ya walivyosikilizwa. Anayeitaja Tabora, hata hivyo, aitaje yote. Wajumbe wa 1958 walikuwa na mambo matatu mkononi.

Walikuwa na watu. Bibi Titi Mohamed na wanawake wenzake walikuwa wameshapita nyumba kwa nyumba, ngoma kwa ngoma, kuuza kadi. TANU ilipoamua kuingia, iliweza kuwaambia hata Wazungu na Waasia nani wa kumpigia. Pili, kulikuwa na jicho la nje: Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na Nyerere alikuwa amesimama New York Machi 1955 kuieleza dunia. La tatu ndilo kubwa kuliko yote. Mkoloni aliiba haki ya kupiga kura kwa kuwanyima wengi, lakini kura zilizopigwa alizihesabu. Mlango ulikuwa mwembamba, ila ukishaingia uliyoyakuta ndani yalikuwa ya kweli.

Sasa linganisha na uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024. Kila mtu mzima anaruhusiwa kupiga kura, mlango ni mpana. Majina ya wagombea wa upinzani yalienguliwa kwa wingi kabla ya siku ya kura, na CCM ikatangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya vijiji na mitaa. Mkoa wa Kigoma mwaka 2010 ulipeleka bungeni wabunge watano wa upinzani, mmoja wa CHADEMA na wanne wa NCCR-Mageuzi. Siamini kwamba watu hao hao walikuja kugeuka kwa asilimia 98. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa kampeni Mwandiga au Kasulu hawezi kuamini. Uamuzi wa Tabora ulikuwa wa busara pale ambapo kura inahesabika. Pasipohesabika, kazi ya kwanza ya wananchi inakuwa kuirudisha hesabu, na swali la kushiriki au kususia ni dogo mbele ya hilo.

Kigoma Mjini iliwahi kuirudisha. Mwaka 1994, miaka miwili tu tangu vyama vingi virudi, palifanyika uchaguzi mdogo wa ubunge hapa. Dk. Aman Walid Kabourou wa CHADEMA akatangazwa ameshindwa. Alikwenda mahakamani kuishitaki serikali nzima, pamoja na namna redio ya taifa ilivyompendelea mgombea wa CCM. Mahakama Kuu ikautengua uchaguzi. Mwanasheria Mkuu akakata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikasema utenguzi ubaki. Mawakili wanaitaja kesi hiyo hadi leo. Majaji wale walikuwa waajiriwa wa serikali ile ile, waliolelewa katika mfumo wa chama kimoja. Walisita kutii kile kilichotarajiwa, kwa sababu mbele yao kulikuwa na ushahidi uliokusanywa vizuri na nyuma ya ushahidi kulikuwa na mji uliokuwa ukifuatilia kila hatua. Mwaka 1995 mji huo ukampa Kabourou ubunge, na 2000 ukampa tena.

Baadaye Kabourou mwenyewe alihamia CCM. Simlaumu marehemu. Lakini watu wa Kigoma walivunjika moyo sana, na kuvunjika moyo huko kunaonyesha tulikuwa tumeukabidhi ushindi wetu kwa mtu mmoja. Ule wa 2010 nao tuliutawanya, kwani mwaka 2015 majimbo kadhaa yaliponyoka huku wapinzani wakigawana kura zao wenyewe.

Mchungaji Christopher Mtikila anafundisha jambo hilo hilo kwa uchungu zaidi. Mwaka 1994 Jaji Lugakingira alimpa ushindi: mgombea binafsi ni haki, na kulazimisha kibali ili kufanya mkutano wa hadhara ni kinyume cha Katiba. Bunge likabadilisha Katiba kufuta ushindi wa mgombea binafsi. Akarudi mahakamani, akashinda tena Mahakama Kuu, akashindwa Rufani mwaka 2010, akaenda Mahakama ya Afrika iliyo pale Arusha, na Juni 2013 akashinda. Hukumu haikutekelezwa. Alifariki 2015. Novemba 2019 serikali ikaondoa ridhaa iliyowaruhusu raia na asasi kwenda moja kwa moja katika mahakama hiyo. Ule ushindi wa mikutano nao ulizimwa kwa agizo mwaka 2016 na kurudishwa Januari 2023. Miaka yote ile mtu mmoja alikuwa anashinda na sisi wengine tunasoma magazetini.

Hata Wakenya, tunaowasifu kwa ujasiri, wamelionja hili. Juni 25, 2024 vijana waliingia bungeni Nairobi, watu wakauawa, kesho yake Rais Ruto akakataa kuusaini muswada wa fedha. Ushindi mkubwa, wa kweli. Kabla ya mwaka kwisha baadhi ya kodi zilikuwa zimerudi katika sheria nyingine, na vijana waliokuwa mstari wa mbele walikuwa wanatekwa.

Kwa hiyo narudi kwa vijana wetu wa Oktoba 29. Sikubali waitwe wahuni. Walikuwa watoto wa nchi hii walioona kila mlango umefungwa: kiongozi wa chama kikuu cha upinzani, Tundu Lissu, alikuwa rumande kwa kesi ya uhaini tangu Aprili, chama chake kimezuiwa kushiriki, mikutano ya vijiji iko mikononi mwa chama kimoja. Waliouawa wana mama zao, na mama zao wana haki ya kujua nani alipiga risasi na kwa amri ya nani. Hilo halina mjadala kwangu.

Lakini nikipima kwa mizani niliyoitumia kwa wengine wote, nalazimika kusema kwamba siku ile ilikosa maandalizi. Hapakuwa na dai moja ambalo bibi wa Buzebazeba angeweza kulirudia. Hapakuwa na watu wa kuzungumza na serikali kesho yake. Palipochomwa vituo, askari aliyekuwa anasita alipata sababu ya kutosita. Na nyuma ya vijana hapakuwa na wafanyabiashara wa kufunga maduka kwa wiki nzima, wala walimu, wala madereva wa mabasi, wala viongozi wa dini walioshikana sauti moja. Walitoka peke yao, na deni hilo ni letu sisi watu wazima kuliko lao.

Mwaka mmoja kabla yao, Agosti 2024, Wamasai wa Ngorongoro walifanya kitu tofauti. Serikali ilikuwa imefuta vijiji na kata zao na kuhamisha vituo vyao vya kupigia kura. Walikaa barabarani kwa maelfu kwa siku kadhaa, wazee na wanawake wakiwa mbele, wameshika majani, mbele ya magari ya watalii. Wakati huo huo kesi ilifunguliwa Arusha na Mahakama Kuu ikasimamisha amri ile. Serikali ikatuma waziri kuzungumza nao, vijiji vikarudishwa. Mgogoro wa ardhi haujakwisha na wanajua haujakwisha. Ila waliokuwa wanafutwa kwenye ramani hawakufutwa. Dai lao lilikuwa la kueleweka, kesi ilikwenda sambamba na barabara, na askari waliotumwa walikutana na wazee.

Kigoma tunaweza kuanzia mahali padogo zaidi, na pa kisheria kabisa. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa ukae walau kila miezi mitatu, na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wake. Mapato na matumizi yanatakiwa kusomwa hapo. Vijiji vingi havikai, au vinakaa watu ishirini na mtendaji anasoma haraka haraka. Wakifika mia tatu na kudai karatasi ibandikwe ukutani, mtendaji atakuwa na mambo mawili ya kuchagua, na atakuwa akichagua mbele ya majirani zake. Kijiji kilichozoea kudai karatasi ya mapato ndicho kitakachojua kudai nakala ya fomu ya matokeo, kumlinda wakala asifukuzwe kituoni, na kumshika mkono mwalimu anayesimamia kura ili asisaini uongo. Uchaguzi mwingine wa mitaa ni 2029. Mkutano wa kijiji wa robo hii ya mwaka, kama bado haujaitishwa kwenu, barua ya kuudai inaandikwa kwa mwenyekiti wa kijiji, nakala kwa mtendaji wa kata, na inasainiwa na wakazi wengi iwezekanavyo.